Alilipa kodi yake

Tangu Jumapili nina maneno matatu kichwani, hayatoki hata nikiswali. Mavyaa aliyasema na kikombe cha chai mkononi, bila kuniangalia.

Mnajua vile amestaafu akaamua kufukua ukoo wao wa hapa Clare, Ireland. Kazi ngumu, maana sensa nyingi za karne ya 19 ziliteketea Dublin mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, na za 1881 na 1891 zilikuwa zimeshasagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu huokoteza: rejista za magereza, leseni za mbwa, vitabu vya uthamini wa ardhi.

Basi Jumapili akatandaza karatasi mezani. Wa kwanza, mwizi wa kondoo! Rejista ya jela imeandika urefu wake, rangi ya nywele na kosa lake. Shemeji akainua glasi, wifi akapiga makofi. Wifi huyu ndiye anayeapa kuwa wana undugu na Abe Grady wa mji wetu wa Ennis, babu wa mama yake Muhammad Ali, ingawa hana hata kipande cha karatasi.

Kisha ukaja ukurasa wa uthamini. Mpangaji akibadilika, karani alikata jina la zamani akaandika jipya kwa wino wa rangi nyingine. Majina ya jirani yamekatwa, juu yake jina la babu yao, 1882.

Nikauliza, "Hawa waliokatwa walikwenda wapi?"

"Alilipa kodi yake."

Mimi nimeuliza *wao*, yeye ananijibu *yeye*. Ukurasa ukasukumwa chini ya mwizi wa kondoo, keki ikakatwa.

Septemba 1880 Parnell, mwanasiasa aliyewatetea wapangaji wa mashamba, alisimama papo hapo Ennis akawaambia watu wamtenge yeyote atakayechukua shamba la aliyefukuzwa: njiani, dukani, sokoni, hata kanisani, kama mkoma. Inaonekana hapa mwizi anasameheka. Kondoo waliliwa wakaisha, lakini shamba lipo, na ndipo tunapoanika nguo. Labda hakukusudia kunikata kauli. Ila sauti ile! Ilikuwa imenyooka, kama ya mtu aliyelijibu swali hilo tangu utotoni. Usiku nikamwambia Baba Zuu (amethibitishwa kazini, alhamdulillahi), akasema tu, "Mwache mama."

Jana nikampigia mama Malindi ili nipate wa kunihurumia. Kabla sijaanza, akanimwagia habari za ile kesi ya shamba: wajomba wanataka kuuza, Wagiriama wanaolima pale wanasema hawatoki, makaburi ya wazee wao yako pale. Nikamuuliza, kwani nani alitangulia?

"Babu yako aliandikisha," akasema.

Sauti ileile, wallahi! Mnaijua ile sheria ya kikoloni ya hati za ardhi kule Pwani ya Kenya, ya 1908: aliyepeleka dai lake akapata karatasi, na wengi ambao hawakupeleka wakajikuta maskwota. Nikaangua kicheko, mama akauliza kama baridi ya Ulaya imenipanda kichwani. Nikashindwa kumweleza. Leo nimempelekea mavyaa mahamri na sikumuuliza kitu, naye akanibusu shavuni, jambo ambalo si kawaida yake.

Gari lina ukaguzi Alhamisi na taa ya kushoto bado haiwaki. Fundi hapokei simu.