Tulipokwama Lukumburu

Kama una mgongo mbovu, usikubali siti ya nyuma kabisa kwenda Songea. Mpiga debe wa Mbezi aliniapia kwa Mungu wake kwamba imebaki moja ya dirishani, katikati, akapokea hela, akayeyuka. Nikajikuta juu ya tairi, miguu imepanda kwenye gunia la mtu, na nauli nimelipa ile ile ya dirishani. Konda nilipomweleza alicheka tu, akaniambia nishukuru sijasimama.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Nilitaka kuwahi kumbukumbu ya tarehe 27, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga pale Songea wapiganaji wa Majimaji, vita vya kuupinga utawala wao. Hesabu inayotajwa kila mwaka ni watu 67. Hamu hiyo ilinianza sekondari, tulipokuwa tukisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu mtu aliyewapa wapiganaji hao maji ya dawa ya kuzuia risasi, nikaapa iko siku nitapaona mwenyewe.

Mikumi sikuiona, nililala. Kitonga nilisali. Njombe tulikula chipsi za baridi kwa bei ya nyama choma. Mambo yalianza Lukumburu, kwenye ile miteremko ya milima kabla ya kuiona Songea, breki zilipoanza kuvuja upepo na dereva akaegesha basi pembeni akiwa kimya kabisa. Konda akatangaza dakika ishirini. Jua likazama, ukungu ukashuka, ukatufunika sisi na basi letu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai kibandani alipandisha bei ya kikombe kila alipoona foleni imerefuka, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye, kwani baridi ya kule haina utani.

Hapo ndipo nilipokaa benchi moja na mzee mwenye kofia ya sufu na koti refu, aliyekuwa akitoka Dar kwa binti yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa pwani. Umeanza kutetemeka jua lingali juu.”

“Ni kweli, babu, kwetu Pangani.”

“Na huku unafuata nini? Msiba?”

Nikamwambia naenda Makumbusho ya Majimaji, kuwaona mashujaa. Akanywa chai yake polepole.

“Mashujaa wa nani?”

Nilidhani hakusikia, nikaanza kueleza. Akainua mkono.

“Nimekusikia. Mimi Mndendeule, wa Namtumbo. Wangoni walipotoka huko kusini walitukuta tuko kwetu. Walituteka, wakatulimisha mashamba yao, watoto wetu wakakulia kwenye nyumba zao wakisema lugha yao. Tulikuwa sutu, watu wa chini. Huyo Songea Mbano unayekwenda kumlilia, nduna wao, mkuu wa vita, yeye na wakubwa wenzake kwetu hawakuja na maji ya dawa. Walikuja na mikuki. Na hayo hayakutokea enzi za Nuhu. Babu wa babu yangu aliyaona.”

Sikuwa na jibu. Shuleni mstari ulichorwa mmoja tu: huku Mwafrika, kule Mjerumani. Nikamuuliza, basi yeye tarehe 27 haendi?

“Naenda kila Mungu akinijalia.”

“Kwa nini, babu?”

“Kwa sababu Mkomanile yumo. Yule mama wa Kitanda ndiye aliyempokea Kinjala alipoleta dawa huku Ungoni, na walipokamatwa akanyongwa pamoja na wanaume. Na kwa sababu ya njaa. Mjerumani alichoma ghala la Mngoni na ghala la sutu wake siku hiyo hiyo. Waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na makaburi yao hayana majina.”

Njaa haikuwa bahati mbaya. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia gavana mwaka 1905, vita vilipoanza, kwamba silaha peke yake hazitamaliza kazi. Njaa na ufukara ndivyo vitakavyowatiisha watu. Vita viliisha 1907. Wajerumani walikadiria wafu 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wanataja hadi 300,000.

Fundi alikuwa bado chini ya basi. Mzee akaniuliza jambo lingine, hata hakunitazama:

“Na kile kitanzi, unadhani aliyekivuta alikuwa Mzungu?”

Nikakumbuka kwamba jeshi lile Wajerumani walikuwa wachache sana. Askari walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma. Nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema wale nao wana wajukuu, na wajukuu hao wakija Songea tarehe 27 hawajulikani, wanapanga foleni ya pilau pamoja na sisi wengine.

Ili nisionekane mjinga kabisa nikamsimulia tamthilia. Mwishoni Kinjeketile yuko gerezani, ameteswa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hajali tena kama maji yana nguvu au hayana. Anachohofia ni kwamba akikana, watoto wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Darasani tuliulizwa kama alifanya haki, na mimi nilijaza kurasa nikimtetea.

“Huyo aliyetunga ni mwungwana,” mzee akasema. “Amempa sababu nzuri. Lakini waliokwenda kulivamia boma la Wajerumani kule Mahenge wakiamini risasi itageuka maji, wewe ungewaambia nini?”

Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwafyeka watu kwa mamia. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Yule wa kweli alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla watu wa Mahenge hawajafa, kwa hiyo swali la mzee hakuna aliyepata nafasi ya kumuuliza. Nami nililikwepa, nikaagiza chai nyingine. Bei ilikuwa imepanda tena.

Tuliingia Songea usiku wa manane. Nyumba ya wageni niliyoipata ilikuwa imeongeza bei maradufu kwa ajili ya sherehe, maji ya moto yakiwa kwenye bango tu. Sherehe yenyewe ilikuwa nzuri, hotuba ndefu, ngoma ya lizombe ikachezwa, watu wengi. Niliona kaburi la halaiki, nikaona na lile la Songea Mbano, aliyezikwa peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapo Novemba 2023, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa nduna, na wao wakaendelea kudai fuvu la babu yao. Nilimtafuta mzee wangu kwenye umati sikumwona.

Jambo lililonikera usiku ule, kuliko hata kunguni, lilikuwa la nyumbani. Kwetu Pangani tuna Bushiri bin Salim, aliyewatoa jasho Wajerumani akanyongwa Desemba 1889. Tumemwimba tangu darasa la tatu. Bushiri alikuwa na shamba la miwa kando ya mto, na watumwa wa kulilima. Hilo silo siri, limeandikwa. Ila sijawahi kumsikia mtu wa Pangani akisema, “Mimi babu yangu alikata miwa ya Bushiri.” Wote tumetokana na waungwana, wote tuna shajara ya ukoo hadi Shiraz kule Uajemi, na miwa ile sijui ilijikata yenyewe.

Asubuhi nikampigia mama. Baada ya salamu nikamuuliza ukoo wa bibi ulifika Pangani kwa njia gani. Kimya. Nikamuuliza tena, je, walikuwa watu wa mashamba?

“Nani amekutia maneno hayo?”

“Hakuna, mama. Nauliza tu.”

“Hayo hayaulizwi kwenye simu,” akasema, kisha sauti ikabadilika. “Kahawa ya Mbinga umeninunulia? Angalia wasikuuzie iliyochanganywa na mahindi.”