Nimpeleke wapi Mama Mkubwa akaangalie picha?

Nimerudi Tanga baada ya miaka mingi Muscat, na jambo lililonishughulisha kuliko hata kumalizia nyumba ni hili: Mama Mkubwa anataka kwenda kuangalia picha. Nimpeleke wapi?

Si kwamba nyumbani hatuna. King'amuzi kipo, na picha za Kihindi zinapita kutwa. Yeye anataka kutoka. Anataka avae, ajifukize udi, akae na watu, na stelingi akipigwa ukumbi mzima uguune. Kwa watu wa umri wake sinema ndiyo ilikuwa matembezi. Huku bara televisheni imekuja 1994, lakini Jumapili za ujana wake kina mama walijaa ukumbi wa sinema wa Majestic na watoto wao. Kihindi hawakukijua, aliyeelewa kidogo aliwasimulia wenzake hapohapo. Mpaka leo anaihadithia ile picha ya Mother India, mwigizaji Nargis akiwa mama anayempiga risasi mwanawe wa kumzaa, na akifika hapo sauti inamkatika.

Siku hizi kuna vibanda vya kuonyesha picha. Nimevizungukia kwa baiskeli, Ngamiani, Makorora mpaka Mabawa, na vijana wanastahili sifa. Kile cha Ngamiani kina kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni kubwa na spika mbili. Nje kuna ubao wa chaki: mchana picha ya Kikorea iliyotafsiriwa, usiku mechi. Tafsiri ndiyo utamu wenyewe. Msimulizi anazungumza juu ya sauti za waigizaji, anawabandika majina ya kwetu, na adui akitokea anamsema kabla hatujamsema sisi. Ni sanaa ambayo Lufufu, msimulizi maarufu wa picha, aliifanya ipendwe mno nchini, na ningependa Mama Mkubwa aisikie.

Ila mle ndani sikuona mwanamke hata mmoja. Joto kali, moshi wa sigara, benchi halina pa kuegemea mgongo. Hilo limeniuma. Mabibi zetu walikuwa na mahali pao mjini, na leo binti zao wanaangalia picha sebuleni peke yao.

Kibanda kimoja cha Makorora ni kipana na kina feni, lakini mechi ikianza picha inakatwa hata ikiwa imebaki robo saa. Kumbi za hoteli kule Raskazone ni nzuri, ila bei yake ni ya harusi.

Nimechagua Ngamiani. Nilimkuta mwenye kibanda anafagia, nikamuuliza Jumapili mchana anapata watu wangapi.

"Wachache sana, kaka. Wanakuja jioni kwa ajili ya mpira."

"Basi mchana huo tupe kina mama."

Akasimamisha ufagio. "Watakuja kweli?"

"Wewe zuia sigara na ufungue madirisha. Kuwaleta niachie mimi."

Tumekubaliana shilingi 500 kwa mtu mzima, watoto bure. Viti vya plastiki vyenye maegemeo tunaazima kwa jirani anayekodisha vya shughuli. Shangazi atapika kashata na tangawizi. Picha anachagua Mama Mkubwa, na ameshasema ya kwanza iwe ya Kihindi, ya zamani, isiyotafsiriwa, maana atawasimulia yeye.

Kina mama wa Ngamiani, Chuda na Msambweni, karibuni Jumapili hii baada ya sala ya adhuhuri. Njooni na watoto. Wanaume tutakaa nje kuuza tiketi.