Nilivyoandika historia ya bweni letu la wanawake

Nilipokubali kuandika historia ya bweni la wanawake nililoishi miaka yangu ya chuo, nilidhani kazi ingekuwa ya kupanga makaratasi tu, kwa kuwa kumbukumbu za uongozi zilikuwa zimetunzwa vizuri. Nilipomaliza kuzisoma nilijua nani alijenga, nani alifungua na nani alikuwa mlezi wa bweni mwaka gani, lakini wanawake waliolala humo sikuwaona popote.

Hali hiyo si ya bweni letu pekee. Chuo cha Girton, Uingereza, husimuliwa zaidi kupitia Emily Davies, aliyekianzisha mwaka 1869 katika nyumba ya kupanga mjini Hitchin akiwa na wanafunzi watano, na kupitia madai ya shahada, ambazo Chuo Kikuu cha Cambridge, ambacho Girton ni sehemu yake, hakikuwapa wanawake kikamilifu hadi mwaka 1948. Kilichonigusa zaidi ni jambo dogo: Girton ilipohamia majengo yake mwaka 1873, mwanafunzi alipewa chumba cha kulala na kingine cha kukaa na kusomea, yaani mlango ambao aliweza kuufunga akasoma bila kuitwa na mtu. Nilitaka bweni letu nalo liandikwe kuanzia mlangoni na kitandani.

Kwanza nilituma dodoso kwa wakazi wa zamani, nikiuliza maisha yalikuwaje. Karibu wote walijibu kwa upendo kwamba waliishi vizuri, kama ndugu. Swali langu lilikuwa pana mno. Nikaliacha, nikachora ramani ya kila ghorofa, nikamwendea mmoja mmoja na kumwomba anionyeshe kitanda chake kilikuwa wapi. Mama wa kwanza aliweka kidole kando ya dirisha la ghorofa ya pili, akanyamaza, kisha akaeleza kwamba dirisha lile lilipokea mwanga wa taa ya nje, hivyo taa za ndani zilipozimwa wenzake walikuja kuketi ukingoni mwa kitanda chake kwa zamu, kila mmoja na kitabu chake, hadi godoro likabonyea upande mmoja.

Jambo lililomhusu mtu mwingine, hasa matroni, sikuliandika mpaka wakazi wawili wa wakati mmoja walisimulie kila mmoja peke yake. Utaratibu huo ulinichelewesha sana, lakini sijutii hata kidogo.

Hazina kubwa kuliko zote ilikuwa daftari la ruhusa, ambamo kila aliyetoka jioni aliandika jina, aendako, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mkazi mmoja aliandika “kwa shangazi” kila Jumamosi, mwaka mzima. Nilipompelekea nakala ya kurasa hizo, aliniambia, “Mwanangu, mimi sikuwa na shangazi katika mji ule.” Alikuwa akienda kwenye midahalo ya wanafunzi, ambayo matroni aliwakataza wasichana kuhudhuria usiku, ilhali bweni la wavulana halikuwa na daftari lolote la kutoka. Wenzake wawili walithibitisha. Aliniruhusu kuyaandika hayo kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, na kwamba mstari wake uchapwe kama ulivyo. Ndivyo ulivyochapwa: saa kumi na mbili jioni, “kwa shangazi”, saa tatu na nusu usiku, na chini yake maelezo yake mwenyewe.