Jinsi nilivyopanga matibabu ya bure ya meno bila kuifilisi kliniki

Kliniki yangu ya meno iko Mwanjelwa, Mbeya. Wagonjwa wasio na hela walikuwa wanakuja siku yoyote. Mama katoka Umalila, shavu limevimba, kitenge kakizungushia tayani: "Nisaidie daktari, nitakuletea viazi." Unamng'oa, utafanyaje? Lakini mwisho wa mwezi ganzi na glavu zimeisha, kodi ya pango inadaiwa, na wateja wa kulipa wamechoka foleni wakaondoka.

Nilianza na stoo. Kabati la msaada sasa lina vifaa vyake, na linajazwa kwa fungu ninalotoa kwenye kila kazi ya kulipiwa, hasa kutibu mzizi na meno ya bandia. Likiisha, tunasubiri mwezi ujao. Ila mwenye usaha au homa hasubiri. Anahudumiwa siku hiyohiyo, maana maambukizi ya jino yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.

Wengine huja Alhamisi mchana, wakati wateja ni wachache. Kilichopunguza gharama zaidi ni kuziba kwa vifaa vya mkono: unakwangua sehemu iliyooza, unajaza saruji ya meno inayotoa floridi. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata ganzi. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980, na kwa watoto wa shule naiona bora mno kuliko kungoja jino liwe la kung'oa.

Pango sasa linalipwa kwa wakati. Ufunguo wa kabati anao muuguzi wangu.