Gari la mbuzi

Mbuzi walipandishwa kwenye Land Rover yangu kwa sababu shemeji alikataa katakata wasikanyage viti vyake. Ilikuwa Septemba 2014, tunapeleka mahari ya mdogo wangu Karatu. Magari ya ukoo yenye nafasi yalikuwa mawili tu: Land Cruiser ya shemeji, iliyotoka gereji wiki hiyohiyo ikinukia gundi na ngozi mpya, na Land Rover yangu, aina ya 109, iliyotoka uani kwangu Ngaramtoni ikinukia dizeli. Wazee walitazama mablanketi, mifuko ya sukari, kreti za soda na wale mbuzi watatu, wala hawakujadili.

"Vya miguu minne viende kule," akasema mjomba, akinyoosha mkono kwangu.

Shemeji alikuwa amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ana biashara ya maharage, na mwaka ule alikuwa ameamua kuingia kwenye utalii. Akafanya kama anavyofanya mtu yeyote wa Arusha mwenye haraka na mwenye hela: akanunua Cruiser pikapu, akaipeleka kwa wanaojua. Mjini kwetu kazi hiyo ina wenyewe. Gari linakatwa katikati, chasisi inarefushwa, bodi inaungwa, paa linapasuliwa ili liweze kuinuka wageni wasimame waone simba, kisha vinakuja viti, friji, na tundu za kuchajia kamera. Nilikwenda kuitazama ikiwa bado mifupa. Nililala chini yake kuitafutia kasoro, na ninakiri nilikuwa naitafuta kwa bidii. Sikuiona. Chasisi ilikuwa imekatwa kwa mshazari, si wima, na ndani ya kiungo wameingiza bamba jingine ili uzito usibebwe na kuchomelea peke yake. Niliinuka nikajipangusa magoti, nikamwambia, "Shemeji, hawa watu wanajua." Iliniuma kidogo kusema.

Ya kwangu niliikuta kwenye ua wa misheni huko Monduli. Series III, toleo la zamani la Land Rover, injini ya petroli imeshika zamani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Bodi ilikuwa imejaa vumbi lakini haina kutu hata chembe, kwa sababu ni ya aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, wakati Uingereza bado chuma kinatolewa kwa mgawo baada ya vita, ndipo waliotengeneza wakageukia aluminiamu. Gari lile lilizaliwa kwa mtu kutumia alichonacho, na mimi hilo lilinivutia kuliko habari zote za wazungu na safari zao. Chasisi ndiyo ya chuma, nayo ni boksi lililofungwa pande zote. Maji na tope vikiingia humo havitoki, kwa hiyo inaoza kutokea ndani huku nje inameremeta. Ya kwangu niliipiga nyundo pale nyuma, karibu na springi, nyundo ikazama.

Ile chasisi sikuiunga mwenyewe. Nilimlipa fundi wa kuchomelea Unga Limited, na breki nazo nikampa mtu wa breki. Sikutaka roho za watoto wangu zining'inie kwenye ufundi niliojifunzia kwenye geti la zizi la ng'ombe. Watu wakinisikia nasema gari hili nimeliunda mwenyewe huwa wanasubiri niseme nimefanya kila kitu, halafu nikitaja wale mafundi wawili wanatabasamu kana kwamba wamenikamata. Sijui wamenikamata wapi.

Injini, hata hivyo, ilikuwa yangu. Discovery, Land Rover ya baadaye, ilipoingia sokoni mwaka 1989 ilikuja na dizeli iitwayo 200Tdi, lita 2.5, nguvu farasi 111, karibu mara mbili ya ile dizeli ya zamani ya Series. Uzuri wake ni kwamba ni wa ukoo uleule wa injini za Series, hivyo unaweza kuifunga kwenye gia boksi ya zamani bila kumpelekea fundi kereza akuchongee bamba la kati. Niliipata kwenye Discovery iliyopinduka. Nikaining'iniza kwa cheni bloki kwenye tawi la mringaringa uani, nikaishusha taratibu, mke wangu akishika tochi na kunikumbusha kwamba kesho ni siku ya kazi. Ikashuka vizuri, ikashuka, ikasimama. Haikai. Turbo ya Discovery, ile inayosukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu, imekaa chini ubavuni, na kwenye 109, pale chini pana chasisi.

Nilikaa na tatizo hilo muda mrefu. Nilikuwa naamka usiku nakwenda uani na tochi kulitazama, kana kwamba chasisi itakuwa imesogea. Kuna aliyeniambia niing'oe turbo kabisa, gari litatembea bila hiyo. Ni kweli lingetembea, lakini sisi tunaishi mlimani na kila tunakokwenda ni mlima mwingine. Kuna aliyeniambia nikate chasisi niipe turbo nafasi, nikamshukuru nikaacha kumpigia simu. Mwisho nikaelewa kwamba injini hiyohiyo iliwekwa pia kwenye Defender, Land Rover nyingine, na kwenye Defender manifoldi yake, yaani mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, inaiweka turbo juu. Nikamwagiza jamaa yangu aliyekuwa anakwenda Nairobi. Akaipata barabara ya Kirinyaga, kwenye duka ambalo, alivyonieleza, unapita kwa ubavu. Alivuka nayo Namanga imefungwa kwenye gazeti kama mkate. Siku nilipoifunga na kuona upana wa kidole kimoja umebaki kati ya bomba la ekzosi na chasisi, nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini.

Basi tukaondoka na wachumba wa miguu minne, mjomba mbele pembeni yangu. Mjomba ni dereva mstaafu wa malori ya ushirika, anakaa kwenye gari akiwa amekunja mikono kama mkaguzi. Difu, yaani gia za kwenye ekseli, nilikuwa nimeziacha zilezile za zamani, za 4.7 kwa 1, kwa hiyo ukifika 80 injini inalia na huendi zaidi ya hapo. Shemeji alitupita Kisongo, akapiga honi kwa heshima, akapotea.

Tulimkuta Makuyuni anakunywa chai. Ni kama kilometa 80 kutoka Arusha, na nadhani alikuwa na muda wa kutosha kupanga maneno yake.

"Shemeji," akasema, "hebu nikuulize. Ile nyumba yako ya Ngaramtoni, tofali ulipanga wewe?"

"Sikupanga."

"Bati ulipiga wewe?"

"Hapana."

"Na wageni wakija unawaambia nini? Si unasema karibuni, hapa ndipo nilipojenga? Mbona hakuna anayekudai uoneshe mwiko? Sasa mimi gari langu nimelichagua, nimelilipia, kila Jumamosi nilikuwa pale nasimamia, viti nimebadilisha rangi mara mbili. Kwa nini langu liwe la gereji na lako liwe la kwako?"

Mjomba alicheka chapati ikiwa mdomoni. Nilitafuta jibu nikalikosa, na mpaka leo naona lile swali lina haki yake.

"Halafu," shemeji akaendelea, maana mfanyabiashara haachi ukiwa chini, "langu Jumatatu linaanza kurudisha hela. Lako litarudisha nini?"

"Mbuzi," akasema mjomba.

Mto wa Mbu ukiumaliza, barabara inaukabili ukuta wa Bonde la Ufa na kuanza kuupanda kwa kona, Ziwa Manyara likibaki chini kushoto. Nyani wanakaa kandokando wakisubiri msafiri mjinga. Niliingiza gia ya tatu, kisha ya pili. Hapo ndipo zile difu za zamani zinapolipa: mbio hazina, lakini mlima zinaula. Kwenye kona ya pili ikaanza sauti, ngre-ngre-ngre, kutoka chini.

Mjomba akafunua mikono. "Mjomba, hiyo ni nini?"

"Ekzosi inagusa chasisi. Injini ikivuta kwa nguvu inajipinda kidogo, na pale nafasi ni kidole kimoja. Tukifika juu itanyamaza."

Akasikiliza. "Na hiyo tiki-tiki?"

"Bawaba ya mlango wa nyuma. Ni ya gari jingine."

"Na huo mluzi?"

"Turbo. Huo ni mluzi mzuri."

Tukapanda kidogo. Ikasikika sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni mbuzi, mjomba."

Alinitazama muda, akakunja tena mikono yake. Baadaye akasema alipokuwa ushirika walikuwa na lori moja alilolifahamu hivyo, na walipompa jingine jipya alikaa nalo mwaka mzima kama mgeni ndani ya nyumba yake. Sikujibu, nilikuwa natazama geji ya joto. Lakini nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonesha. Pale Makuyuni ningesema maneno haya, shemeji angeyachana kwa swali moja. Kwenye ule mlima hayakuhitaji kusemwa. Gari lilikuwa linaongea na mimi nilikuwa naitikia.

Juu, pale watalii wanaposimama kulipiga picha ziwa, tukamkuta shemeji amesimama kando ya Cruiser, boneti wazi, suti bado haina doa. Dashibodi yote imezima: spidi haisomi, mafuta hayasomi, joto halisomi.

Nitasema ukweli, sanduku langu la spana lilikuwa mkononi kabla sijasimamisha gari vizuri. Nilikuwa naliona tukio zima lilivyo tamu: gari la gereji limelala, fundi wa uani analiamsha, mjomba shahidi. Shemeji akaninyooshea kidole kimoja, subiri. Alikuwa kwenye simu. Yule fundi alipokea mlio wa kwanza, Jumamosi ile, nadhani akiwa kwake.

"Zima friji," tuliisikia sauti yake. "Sasa inua kiti cha dereva. Unaona kiboksi cheusi? Ya pili kutoka kushoto. Ina rangi gani? Itoe. Zile za akiba nimezibandika kwenye mfuniko, kwa ndani."

Fyuzi zilikuwepo, zimebandikwa kwa utepe, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Dashibodi ikawaka. Fundi akamwambia asiwashe friji mpaka atakaporudi mjini, waya wake ni mwembamba kuliko alivyotaka, atambadilishia bure. Shemeji akaagana naye, akashusha boneti kwa kiganja.

"Umeona?" akaniambia, bila ubaya. "Nimemlipa yeye na simu yake."

Nikarudisha sanduku nyuma. Yule jamaa alikuwa ameunda magari ya aina ile mengi kiasi cha kuyaona akiwa sebuleni amefumba macho. Mimi niliunda moja. Langu likikataa usiku barabarani, hakuna mtu duniani ninayeweza kumpigia aniambie niinue kiti gani. Nililiwaza hilo mpaka Rhotia.

Karatu mambo yalikwenda yanavyokwenda. Wenyeji walitukaribisha, wakatukalisha, wakatukataa, wakatukaribisha tena. Washenga wetu walishusha bei, wao wakapandisha, mbuzi wakakaguliwa meno, na ilipofika alasiri watu wote walikuwa ndugu. Vijana wa kule waliizunguka Cruiser. Shemeji akawafungulia paa, wakapanda wakapiga picha za simu, wakakaa kwenye vile viti na kuvisifia, na kwa kweli vilistahili.

Mzee mmoja wa upande wa binti alikuja kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ilikuwa ya petroli. Nimeisikia inaingia, siyo ya petroli."

Nikamfungulia boneti. Aliinama muda mrefu, mikono nyuma, akiifuatilia injini kutoka feni mpaka ukutani.

"Nani kakufungia?"

"Nimefunga mwenyewe, mzee."

Hakusifu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala. Chini ya turubai ilikuwepo 109 nyingine, taa moja haina kioo, matairi yamekaa chini. Akasema ilikuwa ya marehemu kaka yake na hataki ife. Kisha akauliza, "Utanifungia kwa bei gani?"

Sikuwa na bei. Sikuwahi kufikiri kwamba zile jioni zangu zinaweza kuwa na bei. Nilianza kusema kitu kuhusu spea kwanza, kuhusu kuangalia chasisi kwanza, na shemeji, ambaye sikujua kama ametufuata, akataja kiasi. Kilikuwa kikubwa mno, akaongeza kwamba nusu inatangulia.

Mzee akacheka. "Hiyo ni bei ya gereji ya mjini. Huyu ni fundi wa uani."

"Fundi wa uani?" Shemeji aligeuka kana kwamba ametukanwa yeye. "Mzee, njoo."

Akamshika mkono mpaka kwenye gari langu. Akalala chini, kwenye vumbi jekundu la Karatu, na ile kaunda suti yake ya kijivu, akamwita mzee ainame aone. Ndipo akanyoosha kidole na kuanza kumweleza kwa sauti kubwa jinsi turbo ile ilivyotafutwa mpaka Nairobi. Alikuwa anamwonesha stata. Nikamwacha aendelee.