Kumbukumbu ya mradi wangu: simbilisi watatu na kichanja cha nyasi

11 Januari

Simbilisi wetu (guinea pig) wamefika salama. Bibi amewatuma kutoka Njombe ndani ya tenga lililofunikwa khanga kuukuu: dume mmoja mweupe na majike wawili. Mwanangu, yuko darasa la pili, amewapa majina kabla hata tenga halijafunguliwa: Maziwa, Kunde na Ulezi. Kwa Bibi simbilisi ni kitoweo, wanazunguka jikoni karibu na mafiga na kulala nyuma ya kuni. Hapa kwetu Iringa mjini hatutawala. Mtoto anawapenda, na mimi nimewapenda pia.

Banda nimeligonga kwa mbao, sakafu nzima bila waya ili nyayo zao zisichubuke. Chakula ni pumba za mahindi, maana ninazo tayari za kuku, na kabichi kidogo. Nimewapima kwa mizani ya jikoni: Maziwa gramu 530, Kunde 480, Ulezi 495.

22 Februari

Kunde anachechemea. Kwa siku nne nimemwona amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa. Leo nilipomnyanyua alipiga ukelele mkali. Goti la mguu wa nyuma limevimba, na mizani inasema gramu 455. Mnyama mchanga, wiki sita nzima, badala ya kuongezeka amepungua.

Nilimwita bwana mifugo wa mtaa. Hakuuliza habari ya kuanguka wala kung'atwa. Alifunua midomo ya Kunde kwa kidole gumba, akanionyesha fizi zenye damu, kisha akatazama bakuli la pumba. "Mama, hawa wanapata majani mabichi?" Nikamwambia kabichi, siku nikikumbuka.

Ni kiseyeye. Ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga. Simbilisi ni kama sisi binadamu: mwili wake hauna kimeng'enya cha kutengeneza vitamini C, kwa hiyo lazima aipate kwenye chakula kila siku. Sungura anajitengenezea mwenyewe, mbuzi vivyo hivyo. Ndiyo maana chakula cha sungura cha dukani hakimtoshi simbilisi, ingawa kwa macho wanyama hawa wanakula sawa.

24 Februari

Nimesoma hadi usiku wa manane. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu. Walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa mwingine wa mabaharia, na wanyama wakapata kiseyeye. Vitamini C ilikuwa bado haijajulikana kwa jina. Nimeisoma habari hiyo mara mbili, maana nilichofanya kwenye banda langu ni jaribio lile lile, na Kunde wangu ndiye aliyelipa.

Nilimpigia Bibi. Nikamuuliza mbona wake hawaugui wakati nao anawatupia pumba. Akasema: "Mjukuu wangu, pumba ni za kuwaita. Wanachokula ni majani." Kila jioni hurudi shambani na mzigo wa nyasi na kuumwaga sakafuni. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni na sikuwahi kuutilia maanani mzigo ule.

3 Machi

Dawa ni vidonge vya vitamini C vya famasi, vya miligramu 100. Nusu kidonge kwa siku kwa Kunde, robo kwa wenzake, nakisaga na kukikoroga kwenye maji kidogo, kisha nampa pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Taratibu, tone kwa tone, asipaliwe. Siweki kwenye maji yao ya kunywa, kwa sababu vitamini hiyo huharibika upesi majini na kwenye mwanga, tena siwezi kujua nani kanywa kiasi gani.

Siku ya tano alitembea hadi kwenye bakuli mwenyewe. Leo, siku ya tisa, amerukaruka. Mtoto alipiga makofi, mimi nililia kidogo.

19 Machi

Kunde gramu 560. Pumba zimekwisha bandani, lakini sikuziondoa kwa siku moja. Nilizipunguza kijiko kwa kijiko kwa siku kumi, kwa sababu utumbo wa simbilisi una vijidudu vinavyosaga nyasi, na ukibadilisha chakula ghafla anaharisha. Hawezi kutapika. Asipokula kwa nusu siku tu tayari ni hatari, haifai kungoja kesho.

Sasa nyasi ziko mbele yao mchana na usiku. Meno yote 20 ya simbilisi yanakua maisha yake yote, na yanasagika kwa kutafuna nyasi tu. Nimekaa kimya kumtazama Ulezi: anachukua bua moja, linaingia mdomoni kama uzi kwenye cherehani, taya likienda upande kwa upande mpaka limekwisha.

Mboga za siku, kikombe kimoja kwa kila mmoja: mchunga, kishona nguo kichanga kabla hakijatoa mbegu, giligilani, na kipande cha pilipili hoho kila siku bila kukosa. Hoho ya gramu 100 ina miligramu 80 hivi za vitamini C, kwa hiyo kipande cha gramu 20 kinamfikisha kwenye miligramu 16. Kiasi cha kila siku kwa simbilisi mzima ni kati ya miligramu 10 na 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Pera lina zaidi ya mara mbili ya hoho, ila lina sukari, basi linatolewa mara mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Karoti, ambayo kila mgeni huja nayo kama zawadi, ina vitamini C kidogo sana na sukari nyingi.

27 Aprili

Kiangazi kinakuja, nyasi za kijani zitaisha. Nimeanza kukausha. Mzigo wa kwanza umeharibika wote. Niliufungia kwenye viroba siku ya tatu kwa kuogopa mvua. Leo nilipotia mkono ndani ulikuwa wa moto kama ugali uliofunikwa, na harufu ya uvundo ikanipanda puani. Nimeupeleka wote kwenye mbolea. Nyasi zenye ukungu siwapi hata kidogo.

Nimejenga kichanja chini ya paa la bati, ukutani upande wa upepo. Nyasi nakata kabla hazijatoa mbegu, natandaza tabaka jembamba, nageuza asubuhi na jioni. Kipimo changu: nalichukua bua nene kuliko yote, nalipinda kwenye kifundo chake. Likikatika "tak" limekauka, likijipinda linarudi kichanjani. Nyasi za kando ya barabara na za mashamba yaliyopigwa dawa sikati.

15 Mei

Jirani mwema aliniletea fungu la majani ya lukina, mti wa malisho, kwa vile mbuzi wake wanaila vizuri. Nilimshukuru na kumweleza kwamba siwezi kuwapa: lukina ina sumu inayowanyonyoa manyoya wanyama wasiocheua. Nimebandika ukutani orodha, maana watoto wa mtaani hupenda kuwalisha: parachichi na majani yake, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, maharage makavu, mkate, biskuti. Mwanangu ameichora kila kimoja na kukipiga mkasi mwekundu.

12 Juni

Ulezi ana mimba. Maziwa nimemhamishia banda la pili leo, kwa sababu jike anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa na mwili hauhimili. Kunde yuko mbali na dume tangu alipougua. Ulezi sasa anapata hoho maradufu na lusini (alfalfa) kidogo. Lusini ina kalsiamu nyingi, inamfaa mwenye mimba na wadogo. Wakubwa siwapi, mawe ya kibofu ni mateso.

9 Julai

Baridi kali, na saa kumi na moja alfajiri wamezaliwa wawili. Manyoya kamili, macho wazi, gramu 88 na 94. Wanamfuata mama yao kama mipira ya sufi.

11 Julai

Yule mdogo wa gramu 88, siku yake ya pili duniani, amechomoa bua moja kutoka kwenye rundo la kichanja changu na kulitafuna. Nililiona kwa macho yangu, tochi mkononi. Amefika sentimita tatu akachoka, akaenda kunyonya.

20 Julai

Vipimo vya leo: Maziwa 905, Ulezi 780, Kunde 815, wachanga 141 na 150. Goti la Kunde limepona kabisa. Viroba vya nyasi vimebaki sita, na kwa mwendo wa kiroba kimoja kila siku kumi vitaisha katikati ya Septemba, kabla ya mvua. Kesho naenda bondeni kukata zaidi kando ya mfereji, ambako bado ni kijani.