Hamamu ya Harbin

Novemba 2013 hita ya maji ya bweni letu la wageni ilikufa, na Harbin, kaskazini mashariki mwa China, mwezi huo si mji wa kuoga maji baridi. Joto la chumbani lilikuwapo, maana kule majumba hupashwa moto tangu Oktoba mpaka Aprili. Msimamizi akatuambia tukaoge kwenye hamamu ya wanafunzi Wachina, ng'ambo ya kiwanja.

Nilikuwa mwaka wa lugha, ule wa kusoma Kichina kabla ya kuanza digrii. Kununua matofaa na kuuliza njia nilikuwa nimefundishwa. Kuuliza pa kuvulia nguo, bado.

Nikaingia na khanga yangu, nimeifunga kifuani. Kumbe ndani ni ukumbi mmoja, mabomba yamejipanga ukutani, hakuna pazia wala kizuizi. Wasichana wana kandambili miguuni na vikapu vya plastiki vyenye shampuu, wanapiga soga kama walivyozaliwa. Maji yanatoka ukiweka kadi kwenye kimashine, na pesa zinakatwa kadiri yanavyomwagika, kwa hiyo hata kusimama kuona haya kuna gharama yake. Walinitazama, ndiyo, lakini nadhani iliyowashangaza zaidi ni khanga: huyu anaoga na shuka?

Pembeni kulikuwa na kitanda kilichotandikwa plastiki, na mama mmoja wa makamo, mkononi kavaa kitambaa kigumu, anasugua watu kwa malipo. Akaniita kwa mkono. Nikaikunja khanga ikawa mto, nikalala kifudifudi. Alinisugua mgongo, viwiko, nyuma ya magoti, nongo zikatoka nyuzi nyuzi, na kila zikitoka ananionyesha huku anacheka. Kwetu Tanga mwanamke husuguliwa hivi kwa singo akiwa bi harusi, mlango umefungwa, na somo wake, yaani kungwi, pembeni. Mimi nilisuguliwa mbele ya nusu ya chuo, na mahari hakuna.

Njiani kurudi, ncha za rasta zilizochungulia nje ya kofia ziliganda, zikawa zinagongana.

Mwenzangu wa chumba, Mpemba, alinisikiliza mpaka mwisho. "Shoga, mimi n'taoga ndoo." Akachemsha maji kwa birika la umeme kila usiku. Siku kadhaa baadaye, anakunja nguo zake kama mtu asiye na haja, akaniuliza yule mama huchukua yuan ngapi.